Saa ya Marehemu Mzazi

Tumeulizwa katika darsa suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Mtu amechukua saa ya mkono ya marehemu baba yake, saa ya zamani ya kutia ufunguo, nayo imelala sandukuni miaka mingi bila ya kwenda. Fundi ameifungua akasema kamani imekatika, kioo kimepasuka, uso umeingia madoa, na akrabu moja imeliwa na kutu. Vyote hivyo vyataka kubadilishwa. Muulizaji asema: nikishavibadilisha, je, nitakayoivaa ni saa ya baba, au nitakuwa nimenunua saa nyingine na kuipa jina la baba?

Wako waliocheka. Sisi hatukuona la kuchekesha, kwani mtu hujulikana zaidi kwa namna anavyovishika vitu vidogo vya wafu wake kuliko kwa khitma kubwa anazowasomea. Lakini kabla ya kuuliza saa hiyo ni ipi, yatupasa tuulize ni ya nani, na hili muulizaji hakuligusa.

Katika miji yetu ya pwani, mtu akifa, nyumba na mashamba hupelekwa kwa Kadhi yakagawanywa kwa hisabu. Ama vitu vidogo, kama saa, bakora, jambia na miwani, hivyo huwa vimekwisha kuingia mfukoni mwa mtoto mkubwa wa kiume kabla tanga halijaondolewa. Akiulizwa husema, "Hii ni kumbukumbu tu." Neno "kumbukumbu" limekuwa mlango wa nyuma wa kutolea mali katika tirka. Hali Qur'ani, katika Suratun Nisaa, haikutenga baina ya kichache na kingi kilichoachwa. Wote wenye fungu wana fungu lao katika vyote, wanaume na wanawake. Wala fungu halifikiwi ila baada ya kulipwa madeni ya maiti na kutimizwa wasia wake. Saa haikatwi vipande, ni kweli. Basi na itiwe thamani na mjuzi, na anayeitaka ihesabiwe katika fungu lake, au warithi wenzake wamwachie kwa radhi zao. Na akiwamo yatima mdogo baina yao, huyo hana uwezo wa kusamehe, wala hapana wa kumsamehea. Asije mtu akasema saa kuukuu haina thamani: siku hizi wako watu duniani wazitafutao saa za miaka ya 1940 na 1950, na baadhi yake huzinunua kwa bei ambayo marehemu, lau angeisikia, angedhani anafanyiwa mzaha.

Haya yakishakuwa safi, ndipo turudi kwenye suala lenyewe.

Suala hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ameeleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi jahazi ya Theseus, kila ubao ukioza wakiutoa na kutia mwingine, hata wenye hekima wakagawanyika: hawa wasema ni jahazi ile ile, na hawa wasema siyo. Kisha Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, akaongeza fundo: je, mtu akiziokota mbao zilizotolewa akaziunga upya kwa mpango wake wa kwanza, jahazi ya haki ni ipi kati ya mbili? Wenzetu wa Lamu hawahitaji Myunani kuwaambia haya. Kila nahodha ajua chombo chake kimebadilishwa mbao ngapi, wala hasemi ana chombo kipya. Lakini kinachotakiwa kwa jahazi ni kubeba shehena. Anayeitaka saa ya baba ataka kitu kilichokuwa na baba. Basi ni wapi ndani ya saa anapokaa baba?

Tutazame inavyofanya kazi. Kamani ikishakazwa kwa ufunguo hutaka kufunguka, na magurudumu yenye meno hupokezana nguvu yake mpaka kwenye gurudumu dogo liendalo mbele na kurudi nyuma, likiongozwa na utepe wa chuma mwembamba kama unywele. Katika saa nyingi za zama zile hupiga mara 5 kwa sekunde moja, yaani mara 18,000 kwa saa moja, na mara 432,000 kwa usiku na mchana. Kitu kinachofanya kazi namna hiyo hakiwezi kukaa bila ya kulika. Mafuta yake hukauka, kamani huchoka, na aliyeiunda alijua hayo, akaifanya iweze kufunguliwa na kutiwa kipya mahali pa kilichochakaa. Na marehemu mwenyewe alipokuwa hai aliipeleka kwa fundi. Yumkini kioo alichofia nacho hakikuwa kile alichonunua nacho. Basi anayesema saa ya baba isiguswe amtakia baba jambo ambalo baba hakujitakia.

Ukikifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya zamani, aghlabu utaona upande wa ndani alama ndogo zilizokwaruzwa kwa ncha kali: herufi, tarakimu, pengine mwezi na mwaka. Hizo ni alama za mafundi walioitengeneza, kila mmoja akiacha ushahidi wa kazi yake mahali ambapo mvaaji haoni. Sisi tunapoziona twakumbuka silsila ya wapokezi. Wanachuoni wa Hadithi hawakuikubali khabari kwa uzuri wa maneno yake peke yake, bali waliuliza nani kaipokea kwa nani, na je, ni mkweli. Saa ya urithi ni khabari iliyopokezanwa kwa mikono. Kubadilishwa kamani hakuivunji khabari hiyo. Kinachoivunja ni uwongo wa mmoja katika wapokezi.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: ni saa ya baba, maadamu kilichobadilishwa kimesemwa kuwa kimebadilishwa. Mwenye saa na amtake fundi amrejeshee kila kilichotolewa, akitie katika karatasi pamoja na tarehe. Tena kuna mafundi, nao Mungu awaongoze, wanaotoa matumbo mazuri ya saa wakatia ya saa nyingine, na mwenyewe akarudi nyumbani akifurahi kwa kuwa sanduku la saa ni lile lile. Hapo fundo la Hobbes si mchezo wa maneno tena. Saa ya baba imebaki katika saraka ya dukani, na mtoto avaa ganda.

Ama uso wa saa, rai yetu ni kwamba uachwe ulivyo. Kioo chaweza kubadilishwa, kwani kazi yake ni kukinga. Akrabu iliyoliwa yaweza kubadilishwa, kwani bila yake saa haisomeki. Lakini madoa na rangi iliyogeuka manjano havimzuii mtu kusoma wakati. Anayeupaka uso rangi mpya hatengenezi kilichoharibika, afuta miaka. Akiivaa mwenyewe basi ni shauri lake, ingawa hatuoni amepata nini. Lakini akiiuza hali ya kuwa amenyamaza, hiyo ni ghishi, sawa na muuza nguo kukuu aliyezitia rangi akaziita mpya.

Na kuna sababu nyingine ya kutouchezea uso, wala hii si ya hisiya. Saa nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1960 zenye tarakimu za kung'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu. Wasichana waliozipaka saa hizo katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, walifundishwa kuchongesha brashi kwa midomo yao, wakameza sumu hiyo kidogo kidogo. Wengi waliugua mifupa na taya, wako waliokufa, na mashtaka ya watano kati yao yalimalizwa kwa suluhu mwaka 1928. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka, lakini radiamu haiishi. Nusu yake hudumu miaka 1,600. Basi mtu asifungue saa kama hiyo nyumbani kwa kisu, wala asiikwaruze na kupuliza vumbi lake mbele ya watoto. Fundi naye aambiwe kabla ya kuishika, kwani pafu lake si dogo kuliko kumbukumbu yetu.

Waliobaki watauliza: si israfu hii? Kuitengeneza saa kuukuu pengine kwagharimu kuliko kununua mpya iliyo sahihi zaidi. Hilo hatulikatai. Tangu Seiko walipoitoa Tokyo, tarehe 25 Disemba 1969, saa ya kwanza ya mkono iendayo kwa jiwe la kwatzi, kwa bei ya yeni 450,000, usahihi umeshuka bei mpaka leo hupatikana sokoni kwa fedha ya chakula cha siku moja. Anayetengeneza saa ya baba hanunui usahihi. Anunua kutokukatika kwa jambo, na hilo si haramu wala si upuuzi likiwa katika kadiri ya uwezo wake. Ila tumwulize jambo moja: je, madeni ya baba yamekwisha lipwa? Maana tumeona watu wakizing'arisha saa za wazee wao na wadai wa wazee hao wakiwapitia barabarani bila ya kusalimiwa.

Saa ikishapona na ivaliwe. Kuifungia sandukuni na kuitoa siku ya Idi kuonyesha wageni kwakaribia kukitukuza chuma. Lakini anayeivaa asiisadiki kwa mapenzi. Saa ya namna hii ikikosea sekunde 15 kwa siku imefanya vyema kwa umri wake, nazo kwa wiki ni dakika 1 na sekunde 45. Kwa mwenye kwenda sokoni si kitu. Kwa anayefuturu kwayo Ramadhani, mwezi mzima bila ya kuilinganisha, ni jambo. Wazee wetu waliohesabu saa tangu kutua kwa jua waliirekebisha saa kwa jua, hawakulirekebisha jua kwa saa. Na Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375 naye alikuwa msimamizi wa nyakati katika Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, hakuvipenda vyombo vyake kwa kuwa ni vya zamani. Alivipima kwa mbingu.

Ikiwa saa ni ya dhahabu, hukumu yake kwa wanaume yajulikana, na kurithiwa hakuibadilishi. Ni mali, nayo yaweza kuuzwa au kuchukuliwa na mrithi wa kike. Bali hata isiyo ya dhahabu hatuoni kwa nini lazima iende kwa wa kiume. Saa za wanaume za wakati ule zilikuwa ndogo, nyingi zikiwa na upana wa milimita 30 hadi 35, na mkononi mwa binti hazionekani kubwa. Akiitaka yeye, na nduguze wakaridhia ihesabiwe katika fungu lake, kitakachohitajiwa ni mkanda kuongezwa tundu mbili.