Namba Ambayo Mnunuzi Hawezi Kuisoma

Muuzaji akinyamaza, amedanganya? Swali hilo limewahangaisha watu wa dini na wa falsafa kwa karne nyingi. Mimi hulikuta juu ya meza yangu ya ufundi hapa Mafinga, kila mtu anapoleta chensoo ya mtumba na kuniuliza kama bei yake ni halali.

Kwanza nafuta kibati. Ukishatoa ugando wa mafuta na unga wa msindano, tarakimu zilizogongwa zinapakwa chaki na kupanguswa. Zinabaki nyeupe, zinasomeka. Serial namba ya Husqvarna huanza na mwaka, kisha wiki: 201609 ni wiki ya 9 ya mwaka 2016. DeWalt nao huweka mwaka na wiki, pamoja na alama ya kiwanda. Stihl haisomeki mwaka kirahisi namna hiyo, bora umuulize wakala. Na wakati nasoma, muuzaji ameshaapa kwamba mashine haijamaliza miaka mitatu na imefanya kazi kidogo tu kwenye msitu wa Sao Hill.

Umri huo una uzito. Mipira ya kupitishia petroli na kiwambo cha kabureta hukakamaa hata mashine ikikaa stoo, na betri za lithiamu za drili huchoka zikiwa ndani ya boksi. Hata hivyo, umri na waranti ni vitu viwili. Waranti kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya kununua, kwa hiyo mashine iliyolala dukani miaka miwili yaweza kuwa na dhamana kamili, wakati nyingine iliyotoka kiwandani juzi, ikavushwa mpaka wa Tunduma bila karatasi na kupita mikono mitatu hadi soko la Mwanjelwa, haina dhamana yoyote. Namba hushuhudia ilipozaliwa, risiti hushuhudia iliponunuliwa. Torati haikubali shahidi mmoja, nami siwezi kuridhika na mmoja. Na risiti za EFD, ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia. Itoe kopi risiti yako siku ileile ya kununua.

Turudi kwa anayenyamaza. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mfanyabiashara amefika Rhodes na ngano wakati wa njaa, anajua meli nyingine zimejaa ngano ziko njiani. Aseme? Diogenes alishikilia kwamba muuzaji ataje kasoro zile tu ambazo sheria inamtaka azitaje. Antipater akasema mnunuzi asifichwe lolote unalolijua wewe. Cicero akaegemea kwa Antipater. Ndugu zetu Waislamu wanayo habari ya Mtume aliyetia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini. Mwenye mali alitaja mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione. Mimi ni Mkatoliki, na Thomas wa Akwino ndiye anayenisumbua zaidi. Kwake, kasoro iliyofichika yenye kuleta hasara au hatari lazima itajwe. Iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitaja, mradi apunguze bei inavyostahili.

Sasa namba ya kibati tuiweke wapi? Hakuna aliyeikwangua. Iko pale, mnunuzi ameishika mkononi. Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpunguzia ulinzi mnunuzi aliyekagua, kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ungepaswa kuionyesha. Muuzaji mjanja hujificha hapo: si uliangalia mwenyewe?

Nakataa. Jicho la farasi kila mtu analiona. Tarakimu zinazosomwa na fundi peke yake ni siri, hata zikiwa hadharani, na anayejua maana yake kisha akatazama pembeni amemuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia. Tena hapa kwetu mnunuzi anaenda nayo msituni, mnyororo unazunguka karibu na goti lake.

Lakini nani anadaiwa kusema, pale muuzaji mwenyewe hajui? Mama mmoja mjane alileta chensoo ya marehemu mumewe, na mnunuzi akiwa naye. Wote wawili waliamini ni ya karibuni. Nilisoma namba, nikataja mwaka mbele yao, na bei ikashuka palepale. Mnunuzi alipoondoka, mama akaniuliza, “Fundi, hukuweza kunivuta pembeni kwanza?”

Nilimwambia, “Mama, ningekuvuta pembeni, ningekutwisha wewe uamuzi wa kusema au kunyamaza, na una ada za watoto kichwani. Sikutaka uchague kati ya hizo na roho yako.”

Akasema huo uamuzi ulikuwa wake, sikuwa na haki ya kumwondolea. Padri niliyemweleza aliona mama ana hoja. Nimelifikiria sana, na bado naamini mnunuzi alistahili kusikia saa ileile niliyosoma mimi. Ila tangu siku hiyo, kabla sijagusa kibati, namwambia muuzaji: nitakachokiona nitakitamka kwa sauti, ukipenda chukua mashine yako sasa. Wapo wanaoichukua.