Aliyemaliza Kifungo Anatudai Nini?



Tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za miaka 58 ya Uhuru zilizofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021, Siku ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan naye alisamehe wafungwa 5,001. Mbali na hao wa sikukuu, wapo wanaomaliza vifungo vyao kila wiki bila kutangazwa na mtu. Wote hao wana kwao. Wengine kwao ni Maswa, wengine Bariadi, na wengine ni hapa hapa Malampaka.

Swali langu ni hili: mtu wa namna hiyo akirudi hali ni mgonjwa, je, anatudai kitu? Au chochote atakachopata kwetu ni hisani tu, tukipenda tutatoa, tusipopenda basi?

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na hakuna mahali panapokipa nafasi nzuri kuliko chumba chenye watu wengi na madirisha madogo. Si jambo geni kwetu: watafiti walichunguza kifua kikuu kati ya wafungwa wa Mwanza kwa miaka ya 1994 hadi 1997. Matibabu yake ya kawaida ni miezi sita, na dawa hutolewa bure. Sasa tuseme kijana ameanza dawa gerezani, na mwezi wa pili kifungo chake kinakwisha. Gerezani yupo mtu wa kumpa vidonge na kumtazama akivimeza. Akitoka, utaratibu ulioletwa nchini tangu 2006 unamruhusu kumeza dawa nyumbani, mradi awe na msimamizi wa matibabu, yaani ndugu au jirani wa kumwangalia. Utaratibu ni mzuri. Lakini atamchagua nani, ikiwa mama amekwisha kufariki na kaka zake hawataki hata kumwona? Atajaribu peke yake. Akipata nafuu kidogo ataacha, na kikohozi kitakaporudi huenda vidonge vile vya kwanza visimsaidie tena.

Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi. Mwaka 2007 walitangaza matokeo yao wataalamu wa Marekani waliofuatilia watu 30,237 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Waliona kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa kwa watu hao ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine. Huko dawa za kulevya ndizo zilizoua wengi, na kwetu mambo hayafanani katika yote. Lakini fundisho ni moja: mtu hutoka ndani ya ukuta mara moja, na kila kilichomshikilia humwachia siku hiyo hiyo.

Basi kwa nini tumsaidie? Nimesikia sababu tatu.

Ya kwanza ni hofu: tusipomtibu atatuambukiza. Ni kweli, lakini sababu hiyo haitufikishi mbali. Mwenzake aliyetoka na kifafa, au shinikizo la damu, au akili iliyovurugika, haambukizi mtu. Kwa kanuni ya hofu, huyo hatapata hata kikombe cha uji.

Ya pili ni huruma. Huruma ni njema, lakini ina tabia ya kuchagua. Humpenda kijana mpole aliyeiba kuku kwa njaa. Humpita mzee mkali aliyekata mtu panga. Nao wote wawili wanakohoa.

Ya tatu ni haki, na hiyo ndiyo ninayoitetea. Hakimu anapotoa hukumu huandika miaka. Haandiki kifua kikuu. Mahakama ilimnyima mtu uhuru wake, haikumnyima mapafu yake. Ugonjwa alioupata kifungoni ni adhabu ya ziada ambayo hakuna hakimu aliyeitoa. Tena aliwekwa kule kwa jina letu sote, ili sisi tulale salama. Ndiyo maana Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema matibabu ya mfungwa ni wajibu wa serikali, na kwamba yapangwe ili yasikatike, zikitaja UKIMWI na kifua kikuu. Nasi mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno wote halina mlango wa kumtolea nje aliyefungwa.

Najua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la kudharau. Mwenye ng'ombe zilizoibwa atauliza: "Na mimi je? Nani alinijia nilipobaki na zizi tupu, watoto wakatolewa shule? Leo mnamhudumia mwizi!" Swali hilo tusilikimbie. Ni kweli kwamba mara nyingi aliyedhulumiwa husahaulika, na Kanisa linalomtembelea mhalifu bila kumtembelea aliyeumizwa limefanya nusu ya kazi. Lakini haki ya mmoja hailipwi kwa kumnyima mwingine. Vidonge tutakavyomnyima mwizi havitarudisha hata ndama mmoja zizini. Kinachotakiwa ni kulipa madeni mawili, si kufuta moja kwa jingine.

Wazee wetu wa Usukuma walijua jambo moja ambalo sisi tunaelekea kulisahau. Mtu aliyekosea vibaya aliweza kutengwa na kijiji: asisaidiwe, wala asishirikishwe kazi na sherehe. Adhabu hiyo ilikuwa kali. Lakini ilikuwa na mlango wa kutokea: akilipa faini, alirudishwa kundini. Hukumu ya mahakama nayo ina tarehe ya mwisho. Hukumu isiyo na tarehe ni hii tunayoitoa sisi, dukani, kisimani na hata kanisani, tunapomwita "yule mfungwa" miaka kumi baada ya kutoka.

Katika Mathayo 25 Bwana wetu anawataja wagonjwa na waliofungwa kwa pamoja. Lakini mwenye kutoka gerezani na ugonjwa yuko katikati: hayumo tena kifungoni aendewe, wala hajalazwa wodini atazamwe. Mfano wake ni Petro katika Matendo 12. Kanisa lilikuwa nyumbani kwa Mariamu likimwombea aliyefungwa. Petro alipotoka na kubisha hodi, Roda alikimbia ndani kwa furaha bila kufungua, na waliokuwa wakiomba wakasema msichana ana wazimu. Petro akabaki nje akibisha. Kumwombea mtu aliye mbali ni rahisi kuliko kumfungulia aliye mlangoni.

Katika mtaa wetu yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Tunaposikia mtu amerudi, wawili wamwendee wiki hiyo hiyo, wasingoje Jumapili. Wamwulize kama alikuwa anatumia dawa na kama anayo karatasi ya matibabu. Asipokuwa nayo, wamsindikize mpaka kituo cha afya, au hospitali ya wilaya Maswa, asije akarudi njiani kwa aibu. Na kama hana ndugu, mmoja wa Akina Mama au vijana ajitolee kuwa msimamizi wake wa matibabu kwa miezi iliyobaki. Siku hiyo hiyo wengine wawili waende kwa yule aliyekosewa, wamsikilize, wasimwombe asamehe kabla hajawa tayari.

Hatutajua mapema kama mtu huyo atatengemaa au atarudia wizi. Lakini dawa haipewi mtu kwa sababu atakuwa mwema. Hupewa kwa sababu ni mgonjwa. Kifungo chake kimekwisha, sisi tusikiongeze.