Ushahidi wa Mguso na Ushahidi wa Nuru

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipotafuta ilimu isiyoingiwa na shaka alianza kwa kuzituhumu hisi, na miongoni mwake akaitaja hasa ile iliyo na nguvu kuliko zote, nayo ni ya macho, ambayo hukiona kivuli kimesimama ilhali kinakwenda, na nyota iliyo kubwa kuliko dunia ikaiona kadiri ya dinari. Shaka hiyo leo imeingia chumbani mwa tabibu wa meno.

Kwa desturi, tabibu hukoroga unga uliotokana na mwani, akaujaza katika trei na kuukandamiza juu ya meno mpaka ugande, kisha katika alama ile ikamiminwa plasta, ikatoka sura ya jino. Ushahidi huu ni wa mguso, na wengi huuamini kwa hoja kwamba kilichoguswa hakikosi kuwapo. Walakini mguso nao una taksiri yake: alama ile ikiachwa hewani hupoteza maji na kusinyaa, plasta hutanuka kidogo igandapo, na ufizi laini husukumwa na mkono ule ule utakao kuujua ulivyo.

Mwaka 1973 Mfaransa François Duret alitoa tasnifu juu ya kuchukua alama kwa nuru, na mwaka 1985, huko Zurich, Werner Mörmann akamtilia mgonjwa kijazio kilichochongwa na mashine kwa kipimo cha kamera. Nuru haimsukumi mtu ufizi. Ila penye damu au mate hupotoka, na ukingo wa jino uliofunikwa haiuoni. Tena skana, yaani chombo kipimacho kwa nuru hiyo, huunganisha picha nyingi ndogo, hata kosa la upande mmoja wa taya likakua lifikapo upande wa pili. Kwa hiyo katika taji la jino moja haishindwi, bali katika kinywa kisicho na jino hata moja mguso ungali na neno.

Linalonishughulisha zaidi ni hili: alama mbovu huonyesha povu na mpasuko wake kwa kila mwenye macho, na tabibu mwadilifu huitupa, ambapo programu ya skana aghalabu huliziba pengo dogo kwa kukisia, na dhana ikajivika vazi la yakini. Basi aipokeaye picha ana dhima ya kuuliza wapi nuru ilifika na wapi hesabu ilijaza, maana mgonjwa aliyelala kinywa wazi hawezi kumwulizia. Na kabla ya kuligandisha taji lililotokana na picha ile, hana budi kupitisha ncha ya chuma ukingoni mwake, ahisi kama pana mwanya.