KETI KWANZA, UHESABU GHARAMA
Masomo: Mwanzo 13:5-18, Luka 14:28-30, 1 Samweli 2:18-19



Muhula wa kwanza unakaribia, na katika nyumba nyingi hapa Nakivale swali ni lilelile: tubaki hapa, ama tuhamie Kampala watoto wapate shule nzuri? Wengine wanataka baba atangulie na wakubwa, mama abaki na wadogo. Wengine wanataka mtoto mmoja aende bweni Mbarara, ndugu zake wangoje. Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Sisi sote tuliovuka mpaka twajua: nyumba ilibaki, ng'ombe walibaki, lakini kile mtoto alichojifunza kilivuka pamoja naye.

Tumtazame Lutu. Aliinua macho akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali. Maji yalikuwapo kweli. Lakini Lutu alitazama maji tu. Hakuuliza majirani ni watu gani, wala watoto wake watakua wakiiga nini. Mwishoni alipowaonya wakwe zake, walidhani anafanya mchezo (Mwanzo 19:14). Nasi tukitazama Kampala twaona shule, na shule zipo kweli. Tutazame pia yanayozizunguka.

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu. Basi tuhesabu. Mjini, shule hulipwa mara 3 kwa mwaka, lakini chumba hulipwa mara 12. Mwenye nyumba hana likizo. Makaa, maji ya jerikani, hata fungu la lengalenga, vyote hununuliwa. Msaada wa chakula hutolewa kambini, haumfuati mtu mjini. Na kibanja tunacholima tulipewa kukitumia, si kukiuza wala kukikodisha. Anayekiacha asihesabu kwamba kitamngoja.

Lakini kubaki nako kuna gharama. Madarasa ya hapa yamejaa. Kijana wa miaka 13 aliyesoma kwa Kifaransa anaketi na watoto wadogo kwa sababu ya Kiingereza, anaona haya, anaacha. Mwaka 2023 mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi matatu, na kuna nyumba zilizoachwa bila kitu. Ni kweli kwamba tangu 1997 shule za msingi za serikali ya Uganda hazidai ile pesa tuliyoiita minervale kule kwetu, na sheria ya wakimbizi ya 2006 inawapa watoto wetu haki ya shule ya msingi sawa na watoto wa nchi. Lakini daftari, sare na uji wa mchana vyabaki kwa mzazi. Anayebaki bila mpango, naye anajenga mnara asioweza kuumaliza.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza mbuzi au mbegu, baba, mama na watoto wakubwa waketi pamoja na karatasi moja, wajiulize maneno matatu.

La kwanza: pesa hii itafika muhula wa pili na wa tatu? Mtoto akirudishwa nyumbani kwa deni katikati ya mwaka, tumepoteza pesa na mwaka pia.

La pili: jioni, nani atamwona mtoto? Mwalimu yuko naye mchana tu.

La tatu: nani analipa gharama hii bila kuulizwa? Mara nyingi ni binti. Kaka yake anaenda bweni; yeye anachota maji na kulea wadogo, na baada ya muda twasikia mchumba amekuja. Mabinti wa Selofehadi walidai urithi katika nyumba ya baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wamenena haki (Hesabu 27). Sisi hatuna mashamba ya kurithisha. Urithi tulio nao ni masomo. Tusiugawe kwa wavulana peke yao.

Wala kumpeleka mtoto mbali si dhambi. Hana alimwacha Samweli Shilo, lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mama hawezi kushona kanzu ya mtoto asiyejua kimo chake. Ukimpeleka mwanao bweni au kwa ndugu mjini, mtembelee, mjue mwalimu wake, ujue anakolala na anakula nini. Ukijua huwezi kufika kwake hata mara moja kwa mwaka, basi fikiri tena.

Wazee na mama wa kanisa wako tayari kuketi na kila nyumba baada ya ibada ya Jumapili. Njooni na ile karatasi, hata kama haijajaa. Siri ya nyumba yenu itabaki siri.

Lutu alipoondoka, Abramu alihamisha hema lake mpaka Hebroni, na huko akamjengea Bwana madhabahu. Wapendwa, iwe Nakivale, iwe Kampala, mahali mtakapoweka hema yenu, maombi ya jioni pamoja na watoto yasikose.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.