Uhuru wa Gari Lililo Free

Madereva wa huku kwetu husema gari liko "free" gia ikitolewa, injini na magurudumu yakiwa hayajuani tena. Neno hilo hunifanya niulize: je, kuwa huru ni kutoshikwa na chochote?

Tuanze na hesabu. Chukua gari dogo la gia tano. Kwenye gia ya pili, injini huzunguka kama mara 8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye ya tano, mara 3 na kidogo. Kwa mwendo uleule wa kilomita 60 kwa saa, gia ya pili itaipeleka injini kwenye mizunguko kama 4,200 kwa dakika, ya tano kama 1,700. Ndiyo maana gia ndogo hupiga kelele. Lakini ndiyo yenye nguvu ya kupanda mlima, na mkishuka, injini hiyo inayolazimishwa kuzunguka haraka ndiyo hulizuia gari.

Sasa fikiria mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, ambako malori kushuka free kumelaumiwa kwa ajali nyingi. Dere anahesabu mafuta. Lori limenyamaza, linateleza vizuri, halina cha kulishika ila breki, na breki zikichemka sana hazishiki. Ajabu ni kwamba injini nyingi za kisasa hukata mafuta gari likishuka ndani ya gia bila dereva kukanyaga. Likiwa free, huendelea kunywa ili zisizime. Na abiria wa matatu inayopanda upande wa pili hajaulizwa kama anakubali kuulipia uhuru huo.

Utaniambia hii ni lugha ya kila bosi na kila mzazi mkali: tulia, unazuiwa kwa faida yako. Una haki kusema hivyo. Kumshikilia mtu kwenye gia ya pili Thika Road, pale kwenye tambarare, si kumlinda. Ni kumchosha na kumwulia injini. Kwa hivyo kizuizi hakijihalalishi chenyewe. Mteremko ndio hukihalalisha, na anayechagua gia anafaa kuwa yule anayeiona barabara.

Basi mtu akiniambia yuko free, hana wa kumuuliza, sikimbilii kumwonea wivu. Nataka kwanza kujua anashuka wapi, na ni nani anapanda.