Aliyechomwa Moto Pamoja na Zafarani Yake

Mwaka 1444 wakuu wa mji wa Nürnberg, Ujerumani, walimhukumu kifo mfanyabiashara mmoja aitwaye Jobst Findeker. Hakuua mtu wala hakuvamia msafara. Kosa lake lilikuwa kuuza zafarani ya kughushi. Alichomwa moto, na zafarani yake ikateketezwa pamoja naye. Mwaka 1456 wengine waliuawa mjini humo kwa kosa hilohilo.

Adhabu ile ilikuwa ya kikatili, na hakuna mwenye huruma atakayetaka irudi. Lakini ghadhabu ya watu wa Nürnberg ilikuwa na sababu. Kwao zafarani haikuwa kiungo cha chakula tu, ilikuwa dawa. Karibu karne moja kabla ya Findeker, tauni ilipoifagia Ulaya, watu waliitafuta zafarani kwa udi na uvumba wakiamini itawaokoa. Haikuwaokoa, kwa kuwa tauni haiponi kwa zafarani. Hata hivyo imani ilibaki, bei ikapanda, na penye bei kubwa wadanganyifu hawakawii kufika. Walichanganya nyuzi za zafarani na petali za maua mengine, hata nyuzinyuzi za nyama iliyokaushwa, kisha wakailowesha kwa asali au mafuta ili izidi uzito. Ndiyo maana mji ule uliweka wakaguzi maalumu wa kuipima na kuichunguza kabla haijauzwa.

Ughali wa zafarani si wa kubuni. Kila ua lake la zambarau lina nyuzi tatu tu nyekundu, na hizo ndizo zafarani yenyewe. Katika mashamba ya Khorasan, Iran, nchi inayotoa sehemu kubwa kabisa ya zafarani ya dunia, maua huchumwa alfajiri msimu wa vuli kabla jua halijayanyausha, kisha nyuzi huchambuliwa kwa vidole, ua baada ya ua. Gramu moja huhitaji maua kama 150. Kwa hiyo kipakiti kinachouzwa kwa bei ya bizari hakiwezi kuwa na zafarani ndani, muuzaji aape atakavyo. Wahenga walishatuambia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Je, zafarani ni dawa kweli? Ibn Sina, tabibu mkubwa wa karne ya 11, aliihesabu miongoni mwa vitu vinavyochangamsha moyo. Waganga wa Uajemi na India waliitumia kwa tumbo, kikohozi, usingizi na maumivu ya hedhi. Katika zama zetu, watafiti wa Tehran waliwapa wagonjwa wenye sonona ya kiwango cha chini na cha kati miligramu 30 kwa siku kwa wiki kadhaa, na wengi walipata nafuu. Hayo ni matokeo ya kutia moyo. Lakini majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, na hayampi mtu ruhusa ya kuacha vidonge alivyoandikiwa na daktari.

Tazama pia kipimo chenyewe. Miligramu 30 ni nyuzi chache, si kijiko. Kiasi kinachotiwa katika biriani au halua hakina neno kwa mtu mzima mwenye afya. Ukifika gramu 5 kwa mkupuo, zafarani inaingia katika sumu: kizunguzungu, kutapika, kutokwa na damu. Gramu 20 hivi zinaweza kuua. Kwa mama mjamzito hatari iko karibu zaidi, kwani ikizidi huchochea mikazo ya mji wa mimba na inaweza kuharibu mimba. Na yule anayeinywa ili azae mtoto mweupe, kama wanavyoamini wengi huko India, ajue kwamba rangi ya mtoto hurithiwa kwa wazazi wake, haitoki katika kikombe cha maziwa.

Kwetu pwani jambo hili linatugusa ndani kabisa. Tuna kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Sasa fikiri wino ule ukiwa si zafarani, bali unga wa rangi ya machungwa unaouzwa kwa jina lake. Mgonjwa atakuwa amekunywa rangi. Katika soko la dunia zimekamatwa zafarani zilizotiwa rangi za viwandani ambazo ni marufuku katika chakula, zikiwemo zile ziitwazo Sudan (jina la rangi, si la nchi). Aliyekuja kutafuta shifaa anaondoka na madhara, na anayeandika kombe huenda hana habari.

Basi jifunze kuijua. Nunua nyuzi, usinunue unga, kwa sababu unga huficha mengi. Uzi wa kweli ni mwekundu uliokolea, na ncha yake moja imepanuka kama mdomo wa tarumbeta. Unuse na uuonje: harufu yake hukumbusha asali, lakini ulimini ni mchungu kidogo; ukiwa mtamu, umepakwa sukari au asali. Halafu tia nyuzi chache katika maji ya uvuguvugu na usubiri. Zafarani ya kweli haina haraka. Rangi ya dhahabu hutoka polepole, na uzi hubaki mwekundu. Ya kughushi humwaga wekundu papo hapo, na uzi ukapauka.

Findeker alipata wateja kwa sababu mgonjwa mwenye matumaini hakagui anachouziwa. Leo hatuna moto wa Nürnberg, wala hatuuhitaji. Tunachohitaji ni mnunuzi anayefungua macho, muuzaji anayemcha Mungu katika mizani yake, na mgonjwa anayemweleza daktari kila anachokunywa. Ewe msomaji, ukipewa zafarani kama dawa, uliza mambo mawili kabla hujaitia mdomoni: ni yenyewe? Na ni kiasi gani? Ukikosa jibu la mojawapo, usiinywe.