Njia ya Jericho: raia washauri na haki ya mwenda kwa miguu Eastlands

Raia anayejitolea kuishauri serikali ya jiji kuhusu njia za waenda kwa miguu hana cheo wala mshahara, na mara nyingi hakusomea uhandisi. Alicho nacho ni muda wake na ujuzi wa barabara anayoipita kila siku. Swali la kifalsafa linalozuka hapo ni la mamlaka: kwa nini neno la mtu kama huyo lisikilizwe, na likishasikilizwa linamfunga nani?

Kisheria, Kenya imekwisha kujibu nusu ya kwanza. Katiba ya 2010 inauweka ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawatambua wakazi kuwa washiriki katika uendeshaji wa jiji lao. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ikatoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya uchukuzi kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo haikumwaga zege popote, lakini ilibadilisha hali ya mwananchi mbele ya ofisi: kabla yake aliomba, baada yake anadai.

Eastlands inafaa kulipima swali hili kwa sababu sehemu yake kongwe ilijengewa watu wa miguu. Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni, Kaloleni, Bahati, Maringo, Jericho na Jerusalem zilikuwa mitaa ya wafanyakazi, na mfanyakazi alitarajiwa kufika relini, sokoni au kiwandani kwa nguvu zake mwenyewe. Mpango mkuu wa jiji wa 1948, ulioandikwa na L. W. Thornton White na wenzake, ulishikilia wazo la mtaa unaojitosheleza: shule, duka na ukumbi viwe karibu, mtoto asilazimike kukatiza barabara kuu. Kaloleni ya miaka ya 1940 bado inaonyesha fikra za namna hiyo, nyumba zake za chini zikiwa zimeachiana nafasi ya miti na vijia, na ukumbi wa jamii ukiwa katikati. Buruburu ya miaka ya 1970 ilikuja na maegesho. Umoja na Dandora zilianza kama nyumba za chini kwenye ploti ndogo, kisha ghorofa zikapanda na kijia mahali pengi kikabaki upenyo. Miguu haikupungua. Uchunguzi wa usafiri uliofanywa mwaka 2004 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA ulionyesha kwamba karibu asilimia 47 ya safari za Nairobi zilikuwa za miguu, na anayepanda matatu naye huanza na kumaliza safari yake akitembea.

Hapo ndipo penye fundo. Mkazi wa kwanza wa Kaloleni alipewa kijia kizuri bila kuulizwa neno. Serikali iliyomchorea kijia hicho ndiyo iliyomnyima kura na kumdai kipande. Mjukuu wake anaalikwa kutoa maoni, anatia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, kisha anarudi nyumbani akiruka mtaro ambao mfuniko wake uliuzwa kama chuma chakavu. Nani kati yao ameheshimiwa zaidi?

Anayepima mambo kwa matokeo atasema wa kwanza, kwa kuwa goti halivunjwi na ukosefu wa mkutano. Jibu hilo lina uzito kuliko wapenzi wa ushirikishaji wanavyopenda kukiri. Kasoro yake ni kwamba kijia cha hisani huondoka na hisani. Serikali zilizofuata zilipobadili nia, mkazi hakuwa na pa kushika: ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini, ikiwemo iliyotengewa barabara, ilivyogawiwa watu binafsi. Isitoshe, watu wa Kaloleni wenyewe hawakuridhika na miti na vijia. Ukumbi wao waliugeuza uwanja wa siasa, hata ukabandikwa jina la bunge la Uingereza. Mtu aliyetunzwa vizuri bado alitaka kuulizwa.

Sababu ya kumuuliza asiye mtaalamu ilitolewa zamani. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anasema kwamba anayekaa ndani ya nyumba huihukumu vyema kuliko aliyeijenga, na mla karamu huihukumu karamu kuliko mpishi. Waswahili wameisema kwa ukali zaidi: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Barabara ya Outer Ring, iliyopanuliwa katika muongo wa 2010 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inaonyesha maana ya hoja hii. Iligeuka barabara ya kasi katikati ya Kariobangi, Umoja na Donholm, mitaa ambayo watu wake walikuwa wamezoea kuvuka kwenda sokoni na shuleni. Magari yalianza kukimbia kabla vivuko vyote vya juu havijakamilika, na watu waligongwa. Hata pale kivuko kiliposimama, wapo walioendelea kupita chini yake. Afisa wa barabara akimwona mama mboga akikatiza kati ya magari hatua chache kutoka kwenye ngazi, huona ukaidi, na dawa yake ni ua wa chuma na askari wa kanjo. Anayetembea na mama huyo anaona mambo mengine: gunia la sukuma wiki mgongoni, giza la saa kumi na moja alfajiri, hofu ya kukabwa akiwa juu peke yake, na steji ambayo makanga huiweka anapotaka yeye, si pale ngazi inapoteremkia. Wote wawili wameona tukio moja, lakini ni mmoja tu anayejua sababu yake.

Hii haimfanyi mama mboga kuwa mhandisi. Hajui mabomba yanayopita chini ya lami wala mtaro unahitaji upana gani ili mvua ya Aprili isiugeuze mto. Mamlaka yake ni juu ya panapouma na juu ya kipi kitangulie. Mgongano mwingi katika mikutano ya ushauri hutokana na kuivuka mipaka hii kutoka pande zote mbili: mwananchi huchora mzunguko wa magari, na mtaalamu humweleza mwananchi kwamba hapamuumi.

Methali ya kunguni ina upande wake mwingine. Aliyelala nao miaka mingi huacha kujikuna. Amartya Sen ameandika kwa kirefu jinsi wanaoishi katika dhiki ya kudumu wanavyopunguza matarajio yao hadi yalingane na dhiki hiyo, na Eastlands neno lake ni fupi: tumezoea. Kuna pia suala la nani yuko ukumbini. Baraza likiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, aliyevuka reli alfajiri kwenda Industrial Area hayupo, wala hamali wa mkokoteni wa Gikomba. Mwenye kiti cha magurudumu hakufika kwa sababu ile ile iliyofanya ahitajike, ingawa Kifungu cha 54 cha Katiba kinamhakikishia kufika kila mahali kwa njia zinazofaa. Waliofika ni wastaafu, wenye nyumba na vijana wasio na kazi, nao hawakubaliani. Mwenye nyumba wa Buruburu anataka vibanda viondolewe kando ya barabara ili apite. Mwenye kibanda naye ni mwenda kwa miguu, na kibanda hicho ndicho kinachowasha taa pekee kwenye kipande kile cha njia. Mshauri mwaminifu, basi, hasemi kwa niaba yake tu. Anatoa ushahidi kwa ajili ya wasiokuwepo, na ushahidi wa namna hiyo humdai atembee saa zao na njia zao kabla ya kufungua kinywa.

Dini zinazosikika kila siku Eastlands zina la kusema hapa, na si zote zinasema kitu kimoja. Katika Uislamu, ambao una mizizi mirefu Pumwani, hadithi mashuhuri inahesabu kuondoa kinachodhuru njiani kuwa tawi la imani, ingawa ndilo la chini kabisa. Nyingine inawataka wanaokaa barabarani waitimizie njia haki yake, ikiwemo kujizuia kuwaudhi wapitao. Njia, kwa mtazamo huu, ina haki kabla haijawa na mpango wa kaunti, na anayeokota jiwe hahitaji kuteuliwa na yeyote. Udhaifu wa fundisho hili likichukuliwa peke yake ni kwamba linazungumza na mkono wa mtu mmoja, na kivuko hakiokotwi kwa mkono.

Kwa Wakristo mfano ulio karibu ni wa Msamaria mwema, katika Luka sura ya 10, kwenye njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Eastlands majina hayo mawili ni mitaa jirani, na safari kati yake ni ya miguu. Wahubiri husisitiza mafuta, divai na punda wa Msamaria. Martin Luther King, akihutubia New York tarehe 4 Aprili 1967, alitaja kinachofuata: baada ya kumfunga majeruhi vidonda, njia yenyewe ya Yeriko lazima igeuzwe, watu wasiendelee kupigwa humo. Kwa kipimo hiki, harambee ya kulipa bili ya hospitali ya aliyegongwa Jogoo Road ni wema uliokatika katikati ikiwa hakuna anayekwenda kudai matuta na kivuko. Kukaa kwenye kamati inayochosha huwa, ghafla, tendo la huruma. Ni fundisho gumu kwa makanisa, kwa sababu huruma ya kamati haina majeruhi wa kumshika mkono, na mafanikio yake hayaonekani: hakuna anayemjua mtu ambaye hakugongwa.

Inabaki nusu ya pili ya swali, yaani neno la raia linamfunga nani. Katika kesi ya Robert Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu, iliyoamuliwa mwaka 2014, Jaji George Odunga aliibatilisha sheria ya fedha ya kaunti hiyo kwa kukosa ushirikishaji wa kweli. Tangazo la kutimiza wajibu tu halikumtosha. Hata hivyo mahakama haikusema kwamba maoni ya wananchi lazima yafuatwe, na ni sawa. Jiji linalotii kila mkutano litamtii mwenye sauti kubwa. Linachodaiwa ni sababu. Aliyeomba taa kwenye kijia cha shule akajibiwa kwamba fedha zimekwenda kwenye mtaro, na kwa nini, ametendewa kama mtu mwenye akili hata kama ameondoka mikono mitupu. Aliyeambiwa "tumewasikia" ametumiwa kama muhuri.

Kugeuzwa muhuri huo ndiyo hatari kubwa ya mshauri. Kujitolea kwake kunaweza kuwa pazia: mradi unaandikwa kuwa ulishirikisha umma kwa sababu jina lake lipo kwenye orodha. Akilipwa posho ya kikao, husemwa amenunuliwa. Asipolipwa, ni wenye nafasi tu watakaoendelea kuja. Vikundi vya vijana Dandora vilichukua njia nyingine, vikasafisha nyua na vijia vilivyokuwa majalala, vikapanda miti, na baadaye vikashirikiana na UN-Habitat katika kutengeneza barabara ya mfano. Vimepata heshima ambayo mshauri wa mezani haipati. Lakini kila kijia kinachofagiwa bure kinaweza kuifundisha kaunti kwamba kufagia si kazi yake.

Kujiuzulu kwa mshauri asiyelipwa hakumtikisi yeyote, na kunyamaza kunamfanya mshirika wa uzembe. Kati ya hayo mawili, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imemwachia nyenzo: kifungu cha 88 kinampa haki ya kuwasilisha malalamishi rasmi, na cha 89 kinaiwekea kaunti wajibu wa kuyajibu bila kuchelewa. Akitumia njia hiyo huacha kuwa mgeni mwalikwa wa mkutano, na orodha ya mahudhurio haiwezi kumjibia.